Mihuri Kumi na Minne

Katika wasifu wangu wa kwanza wa kuombea kazi niliandika uongo mmoja tu, na kwa miezi kadhaa nilijiona mtu mkweli sana kwa kuishia hapo.

Uongo wenyewe haukuwa hata wangu. Tulipomaliza Chuo Kikuu mwaka 1997, Amon, tuliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa na wasifu uliopigwa chapa vizuri kwa Kiingereza. Sisi wengine tuliunakili kama watoto wa darasa la tatu wanavyonakili hesabu, pamoja na makosa. Mwishoni palikuwa na sehemu ya mambo unayopenda kufanya wakati wa mapumziko. Mimi ni mtoto wa kule Kilema, milimani juu ya Moshi. Nimelelewa kati ya kahawa na migomba, na wakati wa mapumziko nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Sikuona ni mwajiri gani angevutiwa na hilo. Basi nikaacha kama Amon alivyoandika: kusoma, kusafiri, kupata marafiki wapya, na "stamp collecting". Amon alimaanisha kukusanya stempu za barua. Hakuwa na stempu hata moja. Nadhani naye alinakili kwa mtu.

Nilirudi nyumbani na shahada, nakala ishirini za wasifu, na imani kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Nchi ilikuwa na shughuli nyingine. Serikali ilikuwa imesimamisha ajira, mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanafungwa, na waliokuwa ndani ya ofisi walikuwa wanatolewa kwa mlango uleule ambao mimi nilikuwa nabisha hodi. Niliandika Moshi, nikaandika Arusha, nikaandika Bomang'ombe. Hakuna aliyejibu. Mwanzoni nilitamani kazi. Baada ya miezi sita nilitamani tu karatasi moja, hata iliyochanika, ya kusema: barua yako tumeipata.

Nakala moja nilimpelekea baba mdogo Aristides aipitie.

Baba mdogo alikuwa karani mkuu wa masijala katika Shirika la Vifungashio, pale mjini Moshi, kwa miaka ishirini na miwili. Barua iliyoingia shirikani ilipita mikononi mwake, na iliyotoka ilipita mikononi mwake. Juni 1995 shirika likafungwa, watu wakapunguzwa, naye akarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na begi lake la ngozi. Wenzake waliopunguzwa walianza kufuga kuku. Yeye pia alifuga kuku, ila kila kuku alikuwa na jalada. Jalada la mbuzi mkubwa lilikuwa na sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, alikaa barazani kwenye meza yake ndogo, suruali imepigwa pasi, na saa tisa na nusu alifunika kalamu na kugeuka kuwa mkulima.

Watu walimcheka. Mimi sikuweza. Nilipochelewa kuripoti kidato cha kwanza kwa sababu ya surua, na mkuu wa shule akasema nafasi yangu imeshachukuliwa, ni baba mdogo aliyeandika barua. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa vibaya. Ya tatu ilikuwa na aya kumi na moja, nami nikapokelewa. Kama nimesoma, nimesomea mgongoni mwa barua zile.

Jumamosi moja ya Januari 1998 alikuja kwetu akiwa na bahasha ya kaki.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mama yako yupo? Mwite. Na baba yako naye. Jambo hili linataka mashahidi."

Baba na mama walikuja wakakaa. Baba mdogo alibaki amesimama.

"Nimesoma wasifu wako," akasema. "Kiingereza kizuri. Mikato imezidi, lakini ndivyo mnavyofundishwa. Ila pale mwisho nimeguswa. Sikujua kama unapenda vitu hivi."

"Vitu gani, baba mdogo?"

"Usijifanye. Umeandika mwenyewe. Stampu!"

Huku kwetu, ukiambiwa kagonge stampu, unakwenda ofisini kugongewa muhuri. Nilielewa kosa lilipo kabla hajafungua bahasha, na muda wa kusema nilikuwa nao. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso safi. Ulikuwa muhuri wa tarehe, wa chuma, wenye mpini mweusi uliong'arishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka mingi. Aliugeuza ili nisome kwa kinyumenyume: SHIRIKA LA VIFUNGASHIO, MASIJALA, IMEPOKELEWA. Katikati palikuwa na tarehe, 30 JUN 1995.

"Siku ya mwisho niliwakabidhi wafilisi kila kitu," akasema. "Viti, makabati, mashine za chapa, hata sahani ya paka wa stoo. Huu hawakuuliza. Tarehe sijaigusa tangu siku ile. Tepe ya mwaka inaishia tisini na sita, kwa hiyo haufai kwa kazi. Lakini wewe hukusanyi ili utumie, au sivyo?"

Akaunyoosha kwa mikono miwili.

Mtu mwenye akili angesema: baba mdogo, nilimaanisha stempu, na kusema kweli hata hizo sina. Mimi nilikuwa na shahada. Nikatazama uso wake, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru kwa lugha ya kwetu, "Aika mbe, baba mdogo. Huu ndio wa kwanza."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyoniponza. Mkusanyaji mwenye kitu kimoja ni mtu wa kuhurumiwa, na ukoo wetu unahurumia sana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, shangazi Mektrida alinivuta pembeni ya kanisa na kunitilia kitu mfukoni kama anayepitisha magendo mpakani Holili. Alikuwa amefanya kazi katika chama cha msingi cha kahawa, nacho kilikuwa kinahema kwa shida baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa. Muhuri wake ulisema DARAJA LA TATU. "Huu niliutumia zaidi kuliko yote," akasema kwa huzuni. Mzee Filemon, aliyekuwa bwana afya wa machinjioni, alinipa wa duara wenye maneno INAFAA KULIWA. Jirani yetu Wenseslaus alileta mitatu kwa mpigo: IMELIPWA, HAIJALIPWA na IMEFUTWA. Aliniomba nisiitenganishe, kwa kuwa ilikaa droo moja tangu mwaka 1974.

Wakaendelea kuja. Kila aliyeleta muhuri alileta pia hadithi yake: siku tangazo lilipobandikwa, meneja alilia au hakulia, nani aliondoka na feni. Nilikuwa nakaa nasikiliza, nikitikisa kichwa, muhuri mkononi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na usaili kila wiki. Tofauti ni kwamba wao ndio waliokuwa wanajieleza.

Kufikia Oktoba mihuri ilikuwa kumi na minne ndani ya boksi la sabuni chini ya kitanda changu.

"Binti wa jirani yetu Joyness alisoma miaka mitatu akarudi na friji," mama akasema siku moja akifagia. "Wewe umesoma miaka mitatu, umerudi na makaburi."

"Mama, ni zawadi."

"Mipini yake ni mbao nzuri. Inaweza kuivisha maharage."

Baba alikuwa na hofu nyingine. "Polisi wakiingia humu wakakuta mihuri ya ofisi kumi na minne, utawaambia ni starehe yako? Watakuuliza, na cheti chako cha chuo kiligongwa na upi kati ya hii?"

Kuuza singeweza, nani anunue, isipokuwa mwizi? Kutupa korongoni singeweza. Siku mvua ikinyesha vizuri ingesombwa moja kwa moja mpaka miguuni pa wenyewe. Kuwarudishia ndiyo kabisa. Ungemwambia nini Mzee Filemon? Mzee, chukua nyama yako?

Hapo ndipo elimu yangu iliponisaidia, na ninapenda kusisitiza kwamba kila janga lililofuata lilitokana na nia njema. Nilijiambia kwamba zawadi isiyo na kazi kwako ni deni kwa mwenye kuihitaji. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari. Ilionekana nzuri. Kisha nikambebea boksi Sista Bernadetha, aliyekuwa na chekechea ya parokia na watoto kumi na wanne, vumbi la kutosha, na chaki nusu.

"Vifaa vya kufundishia herufi," nikamwambia. "Watoto watajifunza kusoma kwa kugonga."

Sista aliinua mmoja, akasoma, akaurudisha haraka. "Tito, hivi si vya serikali?"

"Vilikuwa, Sista. Sasa ni vya jamii."

Akafurahi sana. Hakuwa na wino, kwa hiyo hapakuwa na hatari. Akahesabu mara mbili. "Kumi na mitatu. Watoto wangu ni kumi na wanne, na wa kumi na nne atalia mpaka jioni."

Muhuri wa kumi na nne ulikuwa mfukoni mwangu, kwenye leso yake. Nilikuwa nimeapa kubaki nao. Nilimwona yule mtoto wa kumi na nne akilia, ingawa hakuwepo, na nikautoa.

"Huu nawaazima tu," nikasema. "Nitauchukua kabla ya Krismasi."

Kwa wiki tatu nililala vizuri. Kisha Jumapili moja ya mwisho wa Novemba, nje ya kanisa, baba mdogo alitangaza jambo mbele ya ndugu. Krismasi wote wanarudi nyumbani, akasema, kutoka Dar, Arusha, hata Nairobi. Atatandika kitambaa mezani, atapanga mkusanyo wa Tito kwa tarehe za kufungwa kwa ofisi, na kila aliyetoa muhuri atasimama nyuma ya muhuri wake na kusema maneno machache.

"Maonyesho," akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu 1995. "Watu wajue tulikuwa na kazi."

Nilitabasamu kama mtu aliyeumwa na siafu mbele ya askofu. Kumbe alikuwa amepanga kusimama nyuma ya muhuri ule, mbele ya ukoo mzima, na mimi nilikuwa nimempa mtoto wa miaka mitano. Lakini nilikuwa na mpango. Chekechea ingefungwa wiki ya kwanza ya Desemba. Ningeiazima mihuri yote, ingeonyeshwa, na asingejua mtu.

Nilichosahau ni kwamba Sista Bernadetha naye ana nia njema. Alikuwa ameandika barua kwa wafadhili wake, nao wakamletea wino. Chupa mbili za zambarau.

Ijumaa, tarehe ishirini na saba, saa saba mchana, nilikuwa barazani kwa baba mdogo tukipanga ratiba ya maonyesho. Alikuwa amefika kipengele cha tisa, "Neno la Shukrani kutoka kwa Mkusanyaji", mara Lucky akatokea njiani. Lucky ni mtoto wa dada yangu Evelyn, yaani binti wa baba mdogo Aristides; Evelyn yuko Dar, na mtoto analelewa hapo kwa babu yake. Alitembea polepole, mikono imetanuka, kama mtu aliyevaa gauni la harusi.

"Shikamoo babu. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umechafuka hivyo?"

"Sijachafuka. Nimegongwa."

Mikono yote miwili, kuanzia begani hadi viganjani, ilikuwa INAFAA KULIWA. Shavuni alikuwa DARAJA LA TATU. Nilitaka kucheka, na ningecheka, lakini baba mdogo alikuwa amevaa miwani na kumvuta karibu. Katikati ya paji la uso, umekaa sawasawa, bila kupinda, bila kusambaa, palikuwa na muhuri mmoja peke yake.

Aliusoma neno kwa neno. Midomo ilikuwa inacheza.

"Masijala," akasema.

"Huo ni wangu," Lucky akasema kwa fahari. "Mjomba Tito alitugawia. Wengine walipata za maneno madogo. Mimi nimepata yenye namba."

Baba mdogo hakuniangalia. Alichovya kona ya shati lake kwenye maji, akaanza kufuta paji la mtoto, taratibu. Wino wa Sista ulikuwa wa wafadhili. Haukutoka.

"Baba mdogo," nikasema, "naomba nieleze."

"Ratiba imefungwa," akasema, akafunika kalamu. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Sijawahi kumwona akifunika kalamu kabla ya saa tisa na nusu. Aliingia ndani, na mimi nikabaki barazani na mtoto aliyepokelewa.

Kesho yake asubuhi Lucky alileta bahasha. Paji lake la uso lilikuwa limefifia kidogo, lakini tarehe ilisomeka bado.

Kumb. Na. FAM/TITO/98/1

YAH: KUGAWA KITU ULICHOKABIDHIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Mnamo tarehe 27 Novemba, 1998, saa saba na dakika kumi mchana, mjukuu wangu aliwasili nyumbani akiwa amepokelewa usoni.

3. Uchunguzi umeonyesha kuwa muhuri uliotumika ni ule uliokabidhiwa kwako mbele ya mashahidi wawili.

4. Unatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini usihesabiwe kuwa mtu asiyejua kutunza.

5. Nakutakia kazi njema.

Nakala: Baba yako. Mama yako. Sista Bernadetha. Jalada.

Mpaka leo sijui kama ile aya ya tano ilikuwa mazoea au kisu.

Nilikaa siku nzima nikiandika maelezo. Niliandika ukweli wote, kwa kuwa uongo mmoja ulikuwa umeshanifikisha pale: kwamba nilinakili wasifu wa mtu, kwamba sikuwahi kukusanya kitu chochote, kwamba Amon alimaanisha stempu za barua, na kwamba baba mdogo alipoelewa vibaya nilikosa ujasiri wa kumsahihisha. Kwa kuwa barua za kikazi hupitia kwa mkubwa wako, nilimpa baba aipitishe. Baba aliisoma akaandika pembeni: "Nimeona. Ashughulikiwe."

"Hayo makaratasi yenu hayatoshi," mama akasema. Alitoka mpaka kwenye mpaka wa kihamba, akarudi na jani refu la isale, akalifunga fundo. Isale ndilo jani letu la kuombea msamaha. Likishaletwa mbele yako likiwa na fundo, unapokea, hata kama moyo bado unachemka. "Barua anaweza kuikataa akasema ina makosa. Hili hawezi."

Jumatatu nilikwenda. Nilichelewa kwa sababu ya woga, nikafika saa kumi kasoro.

"Ofisi imefungwa," baba mdogo akasema akimfunga mbuzi kamba. "Njoo kesho."

Jumanne nilikuwa pale saa moja na nusu kamili. Alikuwa mezani. Muhuri wake ulikuwa mbele yake, umesafishwa, na pembeni palikuwa na pedi ya wino. Nilimwamkia, akaitika. Nikaweka bahasha na jani juu yake.

Jani alilitazama kwanza. Kisha akasoma barua yote, mara mbili, na mara ya pili alisahihisha mkato mmoja.

"Umeandika hapa kwamba hukuwahi kukusanya."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na kwamba huyo Amon alimaanisha stempu za barua, nami nikaelewa vibaya."

"Kosa ni langu. Sikukusahihisha."

Akavua miwani. "Tito. Pale shirikani, nani alikuwa anabandika stempu?"

Akagonga meza kwa kidole.

"Miaka ishirini na miwili nimelamba stempu za nchi hii. Zenye twiga, zenye mwenge, zenye samaki. Gundi yake naijua kama ninavyojua mbege anayopika mama yako. Halafu wewe, mwenye shahada, unadhani mimi sijui 'stamp collecting' ni kitu gani?"

"Kama ulijua, kwa nini..."

"Ulikuwa ndani ya kabati langu miaka miwili na nusu," akasema, akiuangalia muhuri. "Nikifungua kabati kutafuta soksi, nauona. Nikiuona, siku hiyo imeharibika. Kuutupa siwezi. Mama yako mdogo akaniambia, mpe mtu. Nimpe nani? Ni nani anataka muhuri wa ofisi iliyokufa? Halafu mwanangu analeta karatasi, imeandikwa 'stamp'. Nikasema, afadhali. Hapa pana mlango." Akavaa miwani tena. "Nilijua hutakataa. Wewe hujui kukataa. Ni ugonjwa wako tangu mdogo."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miezi kumi nilimficha ukweli mtu ambaye alikuwa ananificha ukweli uleule, na kila mmoja alijivunia huruma yake. Na wale wengine? Shangazi Mektrida, Mzee Filemon, Wenseslaus na droo yake? Sikuuliza. Nadhani nusu ya ukoo walijua stempu ni nini.

"Nisamehe, baba mdogo," nikasema. "Kwa kumpa mtoto."

"Hilo ndilo lililoniuma. Siyo kwamba hukuutaka. Nilijua huutaki. Niliudhika kwamba umeutoa bila kuandikisha." Akafungua droo. "Jana asubuhi nilikwenda kuuchukua. Nimekuta hali mbaya sana. Wanagonga kabla ya kusoma. IMELIPWA na HAIJALIPWA kwenye karatasi moja. Mbuzi wa parokia amefutwa."

"Ni watoto, baba mdogo."

"Ndivyo inavyoanza. Hata sisi shirikani tulianza hivyohivyo."

Kutoka kwenye droo alitoa daftari la shule lililochorwa mistari kwa rula: tarehe, jina la muhuri, aliyechukua, saa, aliyerudisha. Kwenye mstari wa kwanza palikuwa na herufi L kubwa, imegeuka nyuma, iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Lucky amesaini," akasema. "Atautumia Jumatatu na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne, na mimi nikiwepo. Sista ameniomba nisimamie. Nilimwambia aandike barua, akaandika."

"Na maonyesho ya Krismasi?"

"Yamehamia chekechea. Wahusika watajulishwa."

Akachukua jani la isale, akalitazama lilivyofungwa, akalitia kwenye kitoboleo cha karatasi. Jani ni gumu. Ilibidi asimame na kukandamiza kwa uzito wote. Kisha akalifunga ndani ya jalada lenye jina langu, juu ya barua yangu, na kuandika namba kwenye ukingo wake. Ndani ya jalada hilo niliona karatasi zangu zote: barua tatu za kidato cha kwanza, ripoti za shule, na mwishoni ule wasifu.

Aliutoa wasifu. Kwa rula na kalamu nyekundu alifuta mstari wa mwisho, kuanzia kusoma mpaka stampu.

"Niandike nini badala yake?" nikauliza.

"Usiandike kitu. Mtu asiye na kazi hana mapumziko."

Akauvuta muhuri. Aliukandamiza kwenye pedi, akaupulizia pumzi kama nilivyokuwa namwona akifanya nilipomtembelea ofisini nikiwa mdogo, akagonga mara moja, juu, upande wa kulia. Haukupinda. SHIRIKA LA VIFUNGASHIO, MASIJALA, IMEPOKELEWA, 30 JUN 1995. Siku hiyo mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na wasifu ule haukuwa umeandikwa hata na Amon.

Alisaini ndani ya duara la muhuri, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

Haiwezi tena kutumwa popote. Nimeitunza. Kufikia siku ile nilikuwa nimepeleka maombi thelathini na moja, na karatasi hiyo peke yake ndiyo iliyowahi kupokelewa.